Msumeno wa Mbao na Alumini: Mazungumzo ya Fundi na Maseremala

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya maseremala waliokutana kujifunza kukata alumini kwa misumeno ya umeme. Msemaji ni fundi seremala wa miaka mingi ambaye siku hizi hutengeneza pia madirisha ya alumini. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Naona wengine mmekuja na misumeno yenu. Vizuri. Ila naomba isichomekwe kwenye umeme mpaka nimalize kusema.

Zamani mtu akijenga nyumba kijijini alikuja kwetu kutaka fremu za mninga au za msaji. Tulipasua, tukapiga randa, tukaunga. Kisha umeme ukaja. Serikali ilitunga sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na nguzo zikafuata. Tukanunua misumeno ya umeme. Sasa mteja yule yule anakuja anasema, "Fundi, mimi sitaki mbao. Nataka alumini na kioo." Utamjibuje? Ukimwambia huwezi, anapanda gari kwenda mjini, na fedha inaondoka kijijini. Basi fundi anautazama msumeno wake wa mbao, anaitazama alumini, anasema moyoni, "Mbona hii ni laini? Itakatika tu."

Itakatika kweli, sikatai. Lakini kuna namna ya kuikata, na kuna namna ya kukatwa wewe.

Kwanza tuijue hii alumini. Wote mnaijua, ndiyo sufuria zenu za nyumbani. Ni madini mepesi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Alumini ya ukubwa ule ule ina kilo 2.7, na chuma kina karibu kilo 7.9. Tena haihitaji moto mkali sana kuyeyuka. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, wakati chuma kinataka zaidi ya nyuzi 1,500. Ndiyo maana wale mafundi wa kusubu sufuria wanaiyeyusha kwa jiko la mkaa na kifaa cha kupuliza upepo.

Sasa hapo ndipo penye uzuri na ubaya. Uzuri ni kwamba, kwa kuwa ni laini, meno magumu ya msumeno wa mbao yanaweza kuikata. Chuma usijaribu kamwe kwa msumeno wa mbao. Kinatoa cheche, kinavunja meno, na cheche zikiangukia unga wa mbao una moto karakanani. Ubaya ni kwamba alumini ikipata joto hunata. Inagandamana na jino la msumeno kama ugali kwenye mwiko. Jino lililojaa alumini halikati tena, linasugua. Likisugua joto linazidi, linajaa zaidi, mwisho msumeno unakwama ghafla. Na msumeno ukikwama, ile nguvu yote haipotei. Inakurudia wewe, au inarusha kile kipande.

Mnajua nguvu hiyo ni kiasi gani? Chukueni ule msumeno wa mkononi wenye diski ya milimita 185. Tuseme unazunguka mara 5,000 kwa dakika moja, maana ndivyo ilivyo mingi. Nilipiga hesabu kwenye daftari: jino la ukingoni linakwenda zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Hakuna basi linaloruhusiwa kukimbia hivyo. Mtu akisema "nitauondoa mkono haraka", mwambieni ajaribu kwanza kumkimbia paka.

Haya, tuje kwenye diski, maana hapo ndipo kazi inaharibika au inatengenezeka. Wengi wetu tuna diski moja tu, ile ya meno 24, ya kupasulia mbao. Hiyo si ya alumini. Hebu tuhesabu tena. Diski ya milimita 255 ina mzunguko wa karibu milimita 800. Ikiwa na meno 24, kutoka jino hadi jino ni kama milimita 33. Ikiwa na meno 80, ni milimita 10. Maana yake, ukisukuma kwa mwendo ule ule, jino la diski ya 24 linameza donge zaidi ya mara tatu kuliko jino la diski ya 80. Na fremu zetu hizi za dirisha zina kuta nyembamba, milimita 1 au 2 tu. Jino kubwa linaufikia ukuta ule, halikati, linaunyakua.

Pia tazameni jino limeinama vipi. Mnalijua jembe. Ukilitia mpini kwa pembe kali, linazama lenyewe ardhini. Likisimama wazi, linaparuza juu juu. Meno ya kupasulia mbao yameinama mbele ili yazame yenyewe. Kwa mbao ni sawa. Kwa alumini ni hatari, maana yanakivuta kipande. Diski ya alumini ina meno yaliyosimama wima, au yaliyoinama nyuma kidogo. Tena ukiyatazama karibu utaona jino moja limekatwa pembe zake za juu na linalofuata ni bapa. Moja linafungua njia, la pili linasafisha.

Kwa hiyo ukienda dukani Mwanza, au Shinyanga, au popote, usiseme tu "nipe diski". Sema unataka diski ya kukatia alumini, ya kipenyo cha mashine yako, yenye meno 80 au zaidi ikiwa ni ya milimita 255. Kisha soma. Ninyi mnajua kusoma, mkitumie kisomo chenu. Kwenye diski pameandikwa mzunguko wa mwisho kwa dakika. Namba hiyo lazima ilingane na ile ya mashine yako au iwe kubwa zaidi. Ikiwa ya diski ni ndogo, irudishe, hata kama muuzaji anasema "haina shida". Vidole si vyake.

Diski hiyo ni ghali kuliko ya mbao, najua. Mtu mwenye kazi ya dirisha moja kwa mwaka asinunue. Achukue msumeno wa mkono wa kukatia chuma, wenye meno 18 au 24 kwa inchi, akate polepole jioni yake. Hakuna aibu. Mimi mwenyewe vipande viwili vitatu nakata kwa mkono hadi leo.

Kabla ya kufunga diski, chomoa plagi. Sisemi zima swichi. Chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona. Kagua meno yote mpaka mwisho. Jino likiwa limevunjika au lina ufa, diski hiyo haifai. Wapo wanaoigeuza diski nyuma mbele ili isinyakue. Msifanye hivyo. Zile ncha ngumu zimechomelewa ili zisukumwe upande mmoja, zikipigwa upande wa pili huweza kubanduka na kuruka. Na ile kinga ya diski, ndugu zangu, wengine mmeifunga kwa waya isishuke. Wengine mmeitoa kabisa na watoto wanaichezea. Irudisheni.

Hapo hapo kabla ya kuchomeka, pakeni nta. Mshumaa unatosha, au nta ya nyuki kwa wenye mizinga. Sugua kwenye meno pande zote mbili, na kidogo kwenye alumini pale utakapokata. Nta inazuia alumini isinate. Kila baada ya vipande kadhaa chomoa tena, tazama meno, safisha yaliyoganda kwa brashi na kijiti, paka tena. Mafuta ya taa na petroli hapana! Mota za misumeno mingi hutoa cheche ndani. Maji nayo hapana, maana huo ni umeme.

Juu ya umeme niseme kidogo. Mbao kavu ikigusa waya uliochubuka, pengine utasalimika. Alumini haina msamaha huo. Inapitisha umeme vizuri sana, hata zile nyaya nene za kwenye nguzo nyingi ni za alumini. Basi waya wa msumeno upite nyuma yako, mbali na kipande, mbali na chembe kali zinazoanguka. Ukiwa na mahali palipochubuka, usitumie mpaka ubadilishwe.

Sasa kubana. Hapa nitakaa, maana ajali nilizoziona nyingi zilitoka hapa. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi katika karakana fulani. Mwalimu wake alikwenda kula. Kijana akabaki na kipande kifupi, kama urefu wa kiganja, alitaka kupunguza milimita chache tu. Akakishika kwa mkono, maana jiliwa lilikuwa mbali. Meno yakakinyakua, kikageuka, mkono ukafuata. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ni kijana mzuri, sasa anafanya kazi ya duka. Lakini randa haishiki tena vizuri.

Kipande kifupi hakishikwi kwa mkono. Kata kutoka kwenye kipande kirefu ukiweza. Usipoweza, kibane kwenye jiliwa la mashine, au kifunge kwa kibano juu ya ubao mrefu, ukate ubao na alumini pamoja. Ubao huo ni wa kafara, hauna gharama, vipande vya mabaki tunavyo tele. Tena una faida nyingine: unaushikilia ule ukuta mwembamba usitetemeke. Fremu yenye uwazi ndani, tia kijiti cha mbao ndani yake mahali utakapobana, isijikunje kwa nguvu ya kibano.

Mkono usikaribie diski kwa chini ya sentimita 15. Pima kwa rula uone, ni karibu shibiri moja ya mtu mdogo. Fremu ndefu iwekewe kigoda cha kuishikilia kila upande, kwa kimo sawa na meza. Ikining'inia upande mmoja, kabla hujamaliza kukata inainama na kuibana diski. Na kile kipande kinachokatwa kisibanwe kati ya diski na kitu kingine. Upande mmoja ufungwe, upande wa pili uwe huru kuondoka.

Kukata kwenyewe ni maneno machache. Simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa diski. Washa, subiri mpaka mlio utulie, maana diski imefika mwendo wake kamili. Ndipo uguse alumini taratibu. Sukuma kwa mwendo mmoja, polepole kuliko mbao. Usisukume kwa nguvu, usisimame katikati ukisugua. Ikimaliza, usiinue diski. Achia swichi, subiri ikome kabisa, ndipo uinue. Wengi huinua inazunguka bado, jino la mwisho linakigonga kile kipande kilichokatwa, kinaruka kama jiwe la manati.

Fremu za zamani mkiletewa, zikagueni kwanza. Huwa zina skrubu na ribiti za chuma. Diski ikikutana na skrubu, meno yanaruka.

Kuna fundi mmoja alinicheka kwa kuvaa miwani ya kazi. Akasema ana miwani yake ya kusomea. Miwani ya kusomea iko wazi pembeni, na chembe za alumini hazipigi hodi mbele. Ni za moto, zina ncha, zinaingia pembeni na chini. Vaa miwani inayofunika jicho lote. Na jambo hili lishikeni: mtu akiingiwa na chembe ya chuma, kuna watu hukimbilia sumaku. Hata kwa chuma si kazi yetu. Alumini ndiyo kabisa, haivutwi na sumaku. Usisugue jicho. Kama chembe imechoma, usiing'oe. Funika jicho bila kuligandamiza, kikombe cha karatasi kinafaa, umpeleke mtu hospitali siku hiyo hiyo.

Masikio nayo. Alumini inapiga kelele kuliko mbao, mnaijua sauti ile. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya ya kazi inashauri kwamba kelele ya desibeli 85 ni mwisho kwa mtu anayefanya kazi saa 8. Ikifika 100, mwisho ni dakika 15 kwa siku. Misumeno yetu hufika huko. Mzee aliyeanza kazi kijana, sasa anaitwa mara tatu hasikii, watu wanasema ana kiburi. Vaa viziba masikio.

Nguo zisipepee. Kanzu, shuka, kanga iliyofungwa kiunoni, mikono mirefu isiyofungwa, vyote hivyo diski inavipenda. Glavu usivae wakati diski inazunguka, maana uzi mmoja ukinaswa unavuta mkono mzima. Zivae baadaye, unapobeba vipande vyenye makali. Na kandambili si viatu vya kazi hii.

Mama mmoja hapa aliniuliza tulipokuwa tunakunywa chai. Alisema majirani huja kwake kuchukua unga wa mbao, wengine kwa kutandika bandani kwa kuku, wengine kwa majiko ya unga wa mbao. Je, ukichanganyika na alumini kuna ubaya? Mama, umeuliza swali zuri kuliko yote. Usiwape. Kuku hudonoa kila kinachong'aa, na chembe zile zina ncha, zinaweza kumtoboa tumbo. Na jikoni ni vibaya zaidi, maana chembe laini za alumini zinaweza kuwaka moto mkali.

Nitawaambia kisa cha kweli. Tarehe 2 Agosti 2014, katika mji wa Kunshan nchini China, kiwanda kilichokuwa kinang'arisha magurudumu ya alumini ya magari kililipuka. Kilicholipuka ni vumbi tu, vumbi laini la alumini lililojaa ndani. Watu 75 walikufa siku ile. Wengine waliendelea kufa kwa majeraha ya moto, hata idadi ikafika 146. Chembe za msumeno wetu ni nene, haziwaki kirahisi namna ile. Lakini katikati yake lipo vumbi laini pia, na karakana zetu zina unga wa mbao kila pembe.

Kwa hiyo kabla ya kukata alumini, fagia unga wa mbao wote, na kama mashine ina mfuko wa vumbi, umwage kwanza. Ukimaliza, fagia alumini kwa brashi, uitie kwenye debe lake peke yake. Usipulize kwa mdomo, itarudi machoni. Debe likijaa, wanunuzi wa vyuma chakavu wanaichukua, na ikiwa safi haina mbao ndani wanaitaka zaidi. Watoto wasicheze pale. Najua karakana nyingi ziko chini ya mwembe na watoto ni wetu sote, lakini chora mstari.

Na weka ndoo ya mchanga mkavu. Chembe za alumini zikishika moto usimwage maji. Alumini inayowaka ikikutana na maji hutoa hewa ya haidrojeni, nayo yenyewe inawaka. Mwaga mchanga mkavu taratibu mpaka ufunike, usitawanye.

Kijana pale nyuma anauliza juu ya grenda. Anasema diski ya grenda ya kukatia chuma inakata alumini haraka. Inakata mwanzoni, ndugu yangu. Kisha alumini inaziba vile vitundu vya diski, diski inapata joto, na inaweza kupasuka mkononi mwako. Tena ukiitumia diski hiyo hiyo kwenye chuma chenye kutu, vumbi la alumini na kutu vikichanganyika na kupata cheche hutoa moto mkali mno. Mafundi wa reli huutumia moto wa namna hiyo kuunganisha reli. Ukilazimika kutumia grenda, nunua diski iliyoandikwa kwamba ni ya alumini, na usiichanganye na kazi ya chuma.

Mtu akikatwa, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, msipoteze muda kutafuta majani. Kidole kikikatika kabisa, kitafuteni. Kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, mtie kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo muuweke juu ya barafu au ndani ya maji baridi. Barafu isikiguse kidole chenyewe. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe. Pengine kitaunganishwa, pengine hakitaunganishwa, lakini kikiachwa kwenye unga wa mbao hakuna la kujadili.

Basi, nimesema ya kutosha. Fremu ile pale ina urefu wa mita 3, tutaikata vipande vinne vya dirisha dogo. Yule mama aliyeuliza juu ya kuku ndiye atakayeanza. Nani ana mshumaa? Wengine simameni nyuma ya ule mstari wa chaki, na wewe kijana, vua hiyo glavu.